Mpangaji wa duka akinyamaza, kodi inapanda

Mhariri,

Karatasi iliyochanwa kwenye daftari, imesukumwa chini ya mlango wa duka: "Kuanzia mwezi ujao kodi ni 35,000." Wapangaji wengi wa biashara hapa Kenya wakipata ujumbe kama huo hulipa shingo upande, au hunyamaza wakidhani kunyamaza ni kukataa.

Sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, ipo tangu 1965. Inamlinda hata asiye na mkataba wa maandishi (wengi hawaamini hili), pamoja na mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Mkataba mrefu zaidi nao umo, iwapo una kifungu cha kuuvunja ndani ya miaka 5 ya kwanza bila mtu kukiuka masharti. Na si wauza bidhaa tu. Kinyozi, msusi na fundi wa simu wamo, maana wanauza huduma.

Kwa hawa, kodi haipandi kwa kikaratasi. Notisi huandikwa kwenye fomu ya kisheria, itaje sababu, imtake mpangaji ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama anakubali au la, na tarehe ya kuanza isipungue miezi miwili tangu aipokee, ila kama wameandikiana kuipunguza.

Balaa huja notisi ikiwa halali. Tuseme umeipokea 10 Februari na inaanza 15 Aprili. Barua yako ya kukataa imfikie mwenye jengo kabla ya 10 Machi, na nakala yako aitie sahihi. Kisha, kabla ya 15 Aprili, fungua kesi kwenye jopo la mizozo ya kodi za majengo ya biashara, BPRT. Hapo ndipo notisi inasimama mpaka uamuzi utolewe. Watu hufanya la kwanza wakaishia hapo, ilhali barua peke yake haizuii kitu. Tarehe ikifika bila kesi, kodi mpya ni yako.

Wakati kesi inaendelea, lipa kodi ya zamani kwa siku yake, kwa M-Pesa au benki, ubaki na ushahidi. Kuigomea kodi yote ni kumpa mwenye jengo silaha: malimbikizo ya miezi miwili ni sababu tosha ya kuomba uondolewe, hata kama nyongeza yenyewe ilikuwa ya uonevu.

Jopo hutazama kodi ambayo jengo lingepata sokoni, na mara nyingi kila upande huja na ripoti ya mthamini. Isome ya mwenzako kwa makini. Duka la chini linalotazama barabara halilinganishwi na chumba cha ghorofa ya pili upande wa nyuma, japo futi ni zilezile. Wateja uliojijengea hawahesabiwi dhidi yako, wala vigae na milango ya chuma uliyoweka kwa hiari yako. Kwa hiyo risiti za fundi usizitupe.

Wenye vibanda vya masoko ya kaunti hawamo katika sheria hii, kwani serikali ikiwa mwenye jengo ulinzi huo hauwafikii. Wapangaji wa nyumba za kuishi wana Sura ya 296, lakini kikomo chake ni kodi ya Sh2,500 kwa mwezi. Nairobi chumba cha bei hiyo ni cha kutafutwa kwa tochi, na Bunge lilipaswa kukipandisha kikomo hicho zamani.

Kaunti nazo hukutana na kila mfanyabiashara anapochukua leseni. Zimpe ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye mambo matatu: mwezi mmoja wa kujibu, miezi miwili ya notisi, na mahali pa kufungulia kesi.

Mtetezi wa wapangaji,
Nairobi