Risala ya Wahitimu wa Utayarishaji wa Filamu kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Ruzuku ya Umma kwa Filamu za Ubia Zinazorekodiwa Nje ya Nchi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wahadhiri, wageni waalikwa na wahitimu wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi katika mahafali haya, hasa tukijua kwamba Bodi unayoiongoza imo katika kazi ya kupitia upya kanuni za ruzuku ya filamu. Kwa sababu hiyo hatukuandika risala ya kuomba kamera, ingawa kamera nazo hazitoshi. Tunaomba kuzungumzia swali moja: je, fedha ya mlipakodi ichangie filamu ya ubia ambayo inarekodiwa katika nchi nyingine? Jibu letu ni ndiyo, kwa masharti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wanaopinga husema kwamba fedha ikivuka mpaka hulisha madereva, mafundi seremala na wenye nyumba za wageni wa kwingine. Hoja hiyo haidharauliki, na nchi nyingi zimeijibu kwa kumlazimisha mtayarishaji atumie sehemu ya fedha nyumbani. Hata hivyo, lazima hiyo huwekewa mpaka. Katika Umoja wa Ulaya, mwongozo uliotolewa na Tume ya Ulaya mwaka 2013 unairuhusu nchi kudai matumizi ya ndani yanayofikia asilimia 160 ya ruzuku iliyotoa, lakini dai hilo lisizidi asilimia 80 ya bajeti nzima, ili mtayarishaji abaki na angalau sehemu moja ya tano ya kutumia popote kazi inapomwita. Mwongozo huohuo unaiwekea misaada ya umma kikomo cha kawaida cha nusu ya bajeti, kisha unakipandisha hadi asilimia 60 kwa filamu ya ubia inayogharimiwa na nchi wanachama zaidi ya moja. Kwa maneno mengine, kushirikiana kunaongezewa.

Jambo lililotushangaza zaidi darasani ni jinsi uraia wa filamu unavyopimwa. Mkataba wa Ulaya wa utayarishaji wa filamu kwa ubia, uliofunguliwa kutiwa saini mwaka 1992, uliweka jumla ya alama 19, na filamu ilihitaji 15 ili itambuliwe kuwa ya Ulaya. Mwongozaji alipewa alama tatu, mwandishi wa mswada tatu, mwigizaji mkuu tatu. Studio au mahali pa kurekodia pakapewa alama moja tu, sawa na mhariri au fundi wa sauti. Mkataba huo uliporekebishwa mwaka 2017, jumla ikawa alama 21, mwongozaji akapanda hadi nne, na mahali pa kurekodia pakabaki na alama yake moja. Rasimu ya kanuni tuliyoisoma sisi inaliuliza swali la mahali kwanza kabisa, na tunadhani hapo mpangilio umepinduliwa.

Iko pia mifuko iliyojengwa juu ya wazo hilohilo. Ufaransa ilianza mwaka 2012 mpango wa kusaidia sinema za dunia, ukichukua nafasi ya mfuko wa Kusini wa mwaka 1984, uliosaidia filamu za nchi zinazoendelea, na mtayarishaji wa Kifaransa huingia humo kama mshirika wa mwongozaji wa nchi nyingine. Mfuko wa sinema za dunia wa tamasha la Berlin, ulioanza mwaka 2004, unataka awepo mshirika wa Kijerumani, bila kulazimisha kamera ifungwe Ujerumani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatufichi kwamba ubia una maradhi yake. Mhitimu mmoja kati yetu aliandika mswada kuhusu mvuvi na bintiye. Mfadhili mmoja akamtaka aongeze mhusika kutoka nchi ya mfadhili, na mhusika huyo akabaki akizunguka ndani ya hadithi bila kazi yoyote. Masharti ya matumizi yanapouma sana, mswada ndio unaolipa. Upande wa hesabu nao una mitego: stakabadhi za lugha tatu, fedha inayobadilika thamani katikati ya ratiba, na mkaguzi anayefika wakati mafundi wamekwisha kutawanyika.

Kwa hiyo tunaiomba Bodi iruhusu kwa maandishi sehemu ya ruzuku itumike nje pale ambapo hadithi yenyewe iko nje, mradi mkaguzi anayekubaliwa na pande zote mbili ateuliwe kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi. Tunaomba zaidi, na hapa ndipo penye uzito, kwamba ruzuku isitolewe mpaka mkataba wa ubia umhakikishie mtayarishaji wetu umiliki wa pamoja wa nakala mama ya picha na sauti, kama mkataba ule wa 1992 unavyomhakikishia kila mbia. Asiye na nakala mama hana cha kuuza miaka kumi baadaye, hata kama kila senti ilitumika mtaani kwake. Mafundi wa nchi mwenyeji nao walipwe na majina yao yaandikwe kwenye filamu.

Nakala ya risala hii, pamoja na jedwali la alama tulizozitaja, tumeiweka kwenye bahasha iliyo mbele yako.

Tunaomba kuwasilisha.