Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge wetu: mwalimu wa Kichina yuko wapi?

Mheshimiwa,

Shikamoo. Naitoa kwa cheo, maana kwa umri wewe ndiye ungeniamkia.

Jina lako silitaji, wala la jimbo. Unajijua, na sisi tunakujua, ingawa tangu uchaguzi uishe tunakuona kwenye simu tu.

Naandika kwa sababu ya yaliyotokea wiki iliyopita machimboni, kwenye kokoto. Habari unazo, maana pole yako tuliisoma kwenye kundi la kata, na ua jekundu uliliweka. Kijana wa jirani yangu amepoteza vidole viwili kwenye krasha, ile mashine ya kuponda mawe. Waliokuwepo wanasema jiwe lilikwama, akaingiza mkono alitoe, nyapara Mchina akapiga kelele na kuonyesha kwa mkono, na aliyekaa kwenye swichi akaelewa anaambiwa awashe. Mkalimani, ambaye ni mmoja kwa saiti nzima, alikuwa mjini na bosi kununua vipuri. Wapo wanaosema mashine ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Wapo wanaosema kijana alikuwa na usingizi. Mimi swichini sikuwepo, ila nauza chakula getini pale, na kila siku naona watu wazima wakisemeshana kwa mikono.

Na mikono yenyewe haifanani. Mchina akitaka kuonyesha nane ananyoosha kidole gumba na cha shahada, basi, nane hiyo, mkono mmoja. Sita ni gumba na kidole cha mwisho. Kampuni ilipoingia, nyapara alikuja bandani, akanyoosha gumba na shahada. Tukampakulia sahani mbili za wali maharage. Akatikisa kichwa, akanyoosha tena, safari hii kwa hasira. Tukaongeza nyama kwenye zile zile mbili, tukidhani anadai mboga. Watu sita wakarudi kazini na njaa. Siku ile tulicheka mpaka machozi. Sasa chukua mikono hiyo hiyo, uielekeze kwenye mashine ya kuponda mawe, yenye vitufe vilivyoandikwa Kichina kitupu.

Kwa kuwa una mambo mengi, naomba nikukumbushe. Kwenye kampeni, uwanja wa shule ya kata, ulisema kwa kinywa chako kwamba Kichina kitafundishwa pale kabla mwaka haujaisha. Hukusema mwaka gani. Chumba kikapakwa rangi, mlangoni pakaandikwa CHUMBA CHA LUGHA, ukapigwa picha. Akaja kijana wa kujitolea aliyesoma Kichina Dodoma, ambako Taasisi ya Confucius ipo chuoni tangu 2013. Alifundisha muhula mmoja na kidogo, huku akingoja posho aliyoahidiwa. Alilala kwa mwalimu mkuu, akala kwangu kwa mkopo, mwishowe akaondoka. Nasikia sasa ni mkalimani huko kwenye ujenzi na anaishi vizuri. Namwombea heri. Chumba siku hizi kimejaa saruji na maboksi ya kalenda zenye picha yako. Umetoka vizuri.

Tulipokuuliza mkutanoni ulijibu kwamba Kichina ni kigumu, watoto wamudu kwanza Kiingereza. Mheshimiwa, kigumu kwa nani? Maandishi ni kazi, sibishi, yanataka kukaa nayo. Lakini kitenzi cha Kichina hakibadiliki, uwe wewe au mimi, iwe jana au kesho. Sauti ndizo nne, kupanda na kushuka, na sisi Wabena tunapandisha na kushusha sauti tangu tunanyonya. Binti yangu yuko kidato cha pili. Kwa muhula ule mmoja tu, nilimpigia picha vitufe vya krasha kwa simu, akanionyesha kipi ni cha kusimamisha. Mtoto wa shule anakijua. Aliyeajiriwa kukibonyeza hakijui.

Wenzetu hawakusema Kiswahili ni kigumu. Redio ya Beijing ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, mwaka ule ule tuliopata uhuru, hata ubalozi wao hatujawa nao. Vyuo vyao vinafundisha lugha hii tangu miaka hiyo, na wapo Wachina wanaokiongea Kiswahili kuliko baadhi ya waheshimiwa bungeni. Walipokuja kujenga reli ya TAZARA mwaka 1970 walikuja na wakalimani wao. Nusu karne imepita na bado tunangoja wao ndio watuelewe.

Reli yenyewe, iliyopita hapa kwetu, ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Septemba 2024 marais wa China, Tanzania na Zambia walishuhudia Beijing makubaliano ya kuifufua yakitiwa saini. Ina maana wahandisi wanarudi. Vijana wetu watawapokea kwa lipi, kwa kubeba zege tena? Parachichi zetu nazo, soko la China lilifunguliwa Novemba 2022, lakini mkulima wa hapa mnunuzi hamjui hata kwa sauti. Anamjua dalali. Faida iko kwa dalali, nadhani kwa sababu yeye ndiye mwenye namba ya simu ya mtu anayeweza kuongea.

Kichina kimo kwenye mtaala wa sekondari, ni somo la kuchagua. Hatuombi kitu cha ajabu.

Turudi kwa kijana aliyepoteza vidole. Juzi mama yake amekuja kwangu na karatasi ya ajira, safu moja Kichina, safu moja Kiingereza, chini dole gumba la mwanawe. Anataka kujua kama kuna fidia. Mimi Kiingereza changu ni cha kuuzia chai. Binti akasoma tarakimu, akasoma tarehe, akakwama. Tukaikunja karatasi, mama akairudisha kwenye kitenge. Hospitali wanataka hela, polisi PF3, fomu ya majeruhi, imechukua siku nzima, na mkalimani tangu siku ile hapokei simu.

Saiti imefungwa. Daftari langu la madeni limejaa majina ya vibarua ambao hawajalipwa, kikoba kinanidai, mchele nimekopa, na wale waliokuwa wakila kwangu sasa wanapita kwa mbali wasinisalimie. Haya hayakuhusu moja kwa moja, najua. Lakini kura yangu ilikuhusu.

Nilitaka kuandika pia kuhusu zahanati na ile barabara ya mtoni. Nimefuta. Nilitaka kuomba vitabu, na mafunzo ya jioni kwa vibarua, na maandishi ya Kiswahili kwenye mashine. Hayo nayo yaandike mahali, siku ukipata nafasi. Kwa sasa naomba mwalimu mmoja. Mwalimu mmoja wa Kichina, mwenye posho inayofika. Kama mmoja ni wengi, awe wa siku mbili kwa wiki, na chakula atakula kwangu bure. Shule zinafunguliwa Julai. Ufunguo uko kwa mtendaji wa kata, na maboksi ya kalenda tutayatoa wenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama ntilie wa getini