Barua ya Wazi kwa Serikali za Wanafunzi wa Vyuo vya Mtwara na Lindi: Watetezeni Wale Wasio na Kura

Wajukuu zangu,

Baada ya salamu, nimepata habari kutoka kwa baadhi yenu mliofika nyumbani kwangu Mikindani kwamba mnakusudia kuyafanya mapambano dhidi ya ubaguzi kuwa ajenda yenu ya kwanza muhula huu, na kwamba mngependa kusikia neno la mzee aliyefundisha katika mikoa hii miwili kwa muda mrefu. Nimeona niliandike wazi, kwa kuwa linawahusu nyote, wakiwamo wanafunzi ambao hawakupiga kura na ambao pengine hawalijui hata jina la rais wao.

Jambo ninalotaka mlishike ni hili. Serikali ya wanafunzi huzaliwa kwa kura, na kura ni hesabu ya walio wengi, ilhali ubaguzi huwaumiza zaidi walio wachache. Maana yake ni kwamba chombo mnachotaka kukitumia kuwatetea wanaobaguliwa kimeundwa kwa namna ambayo ni rahisi sana kwake kuwasahau, hata kama kinaongozwa na vijana wenye moyo safi. Msipoliona hilo tangu mwanzo, mtaandaa kongamano, mtashona fulana zenye maandishi mazuri, mtapiga picha, na mwanafunzi mwenye ualbino ataendelea kukaa benchi la nyuma ambako macho yake hayaufikii ubao, kwa sababu wenzake hawataki kukaa karibu naye na hakuna aliyeona kuwa hiyo ni kazi ya serikali ya wanafunzi.

Niruhusuni niwataje hao wachache, maana tukibaki na neno ubaguzi peke yake kila mtu atafikiri anazungumziwa mwingine. Yupo huyo niliyemtaja. Yupo kijana ambaye babu yake alivuka Mto Ruvuma akikimbia Wareno, yeye mwenyewe akazaliwa hapa, akasoma hapa, na bado akigombea nafasi ya uongozi huulizwa uraia wake, swali ambalo mpinzani wake kutoka mkoa mwingine haulizwi kamwe. Yupo Mtanzania mwenye asili ya Kihindi au ya Kiarabu ambaye akichelewa kulipa mchango huambiwa kwamba watu wa rangi yake ndivyo walivyo. Yupo binti kutoka kijiji cha Tandahimba au Newala ambaye darasa zima humcheka anapowasilisha kazi ya kikundi, kwa sababu ya lafudhi yake, mpaka muhula wa pili hafungui tena mdomo. Na upande mwingine yupo mgeni aliyetoka Kagera au Kilimanjaro, ambaye wenyeji humwona amekuja kuchukua nafasi za watoto wa Kusini. Watu wa Kusini tumedharauliwa kwa miaka mingi na tunayajua maumivu yake, lakini kudharauliwa hakumpi mtu ruhusa ya kumdharau mwenziwe.

Sasa niwape mfano ambao ningependa ujadiliwe katika bunge lenu la wanafunzi. Mwezi Julai 1967, chama cha wanafunzi wa Afrika Kusini kilichojulikana kwa kifupi kama NUSAS kilifanya mkutano wake katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Grahamstown. Chama hicho kilikuwa kikiupinga ubaguzi wa rangi hadharani na kilikuwa na wanachama weupe na weusi, ingawa weupe ndio waliokuwa wengi. Wajumbe walipofika, chuo kikakataa wajumbe weusi wasilale katika mabweni yake, ikabidi watafutiwe mahali pengine mbali na wenzao. Mwanafunzi mmoja wa udaktari kutoka Natal, Steve Biko, akatoa hoja kwamba mkutano uahirishwe hadi papatikane mahali ambapo wajumbe wote wataishi pamoja bila kutengwa. Hoja ikapigiwa kura, ikashindwa, na mkutano ukaendelea.

Naamini wengi walioikataa hoja ile walikuwa wakiuchukia ubaguzi kwa dhati. Walikuwa wamesafiri kutoka mbali, ratiba ilikuwa imepangwa, na waliona kwamba kuahirisha kungeharibu kazi nzuri ya chama. Lakini mambo hayo yote yalikuwa rahisi kuyatamka kwa mtu aliyekuwa na kitanda chake bwenini. Biko na wenzake wakajifunza kwamba wataendelea kushindwa kwa kura ndani ya chama cha marafiki zao, nao wakaanzisha chama chao wenyewe, SASO, kilichozinduliwa mwaka 1969 huko Turfloop, Biko akiwa rais wake wa kwanza. Kabla hamjaanza kampeni yenu, jiulizeni ni hoja zipi za kitanda ambazo bunge lenu limekwisha kuzikataa kwa kura nyingi na kwa nia njema.

Nchi yetu yenyewe ilipitia mtihani wa namna hiyo. Kabla ya Uhuru shule za Tanganyika ziligawanywa kwa rangi, za Wazungu mbali, za Waasia mbali, na za Waafrika mbali, nazo hazikuwa sawa kwa fedha wala kwa walimu. Ni kuanzia Januari 1962 ndipo mfumo huo ulipoondolewa. Watu waliokulia katika hali hiyo walikuwa na hasira ya haki. Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya Uhuru, wapo wabunge waliotaka uraia wa nchi mpya uwe wa Waafrika peke yao, na ni wazi kwamba shauri hilo lingependwa na watu wengi sana mitaani. Mwalimu Nyerere alilipinga Bungeni kwa ukali, akawa tayari yeye na serikali yake kujiuzulu kuliko kukubali uraia unaopimwa kwa rangi ya ngozi. Waasia na Wazungu waliokuwa wakitetewa siku ile walikuwa wachache mno kwa kura zao kumfaidia chochote. Kwangu mimi huo ndio uongozi ninaoutarajia kwenu, na ninajua ni mgumu, maana nyinyi mnarudi kwa wapiga kura kila mwaka.

Kwa sababu ni mgumu, msiutegemee ujasiri wa rais mmoja mwema. Uwekeni katika katiba ya serikali yenu ya wanafunzi. Andikeni kifungu kinachosema kwamba lalamiko la ubaguzi halitapigiwa kura, bali litapokewa, litachunguzwa na kamati ndogo, na litajibiwa kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa. Katika kamati hiyo wawemo wanafunzi wenye ulemavu na wanafunzi wa makundi madogo kwa haki yao, bila kusubiri kuchaguliwa na chuo kizima. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 12, inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, na Ibara ya 13 inakataza kumbagua mtu kwa utaifa wake, kabila lake, mahali alipotoka, rangi yake, dini yake, jinsia yake au hali yake ya maisha. Someni ibara hizo mbili kwa makini, muandike kifungu chenu juu yake, kwani atakayetaka kukipinga atalazimika kwanza kuipinga Katiba ya nchi.

Kisha wekeni daftari la malalamiko. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa nimeona madai mengi ya haki yakifa kwa kukosa karatasi. Mshauri wa Wanafunzi hawezi kufanya lolote na sentensi isemayo kwamba tunanyanyaswa. Anaweza kufanya kazi na maelezo yanayotaja tarehe, mahali, maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa, nani alikuwepo, na mlalamikaji anaomba nini kifanyike. Anayetukanwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa ayahifadhi matusi hayo kabla hayajafutwa. Mlalamikaji akiogopa, jina lake lijulikane kwa watu wawili tu, na asilazimishwe kusimama mbele ya mkutano kusimulia aibu yake ili wengine wapate la kushangilia. Na anayelalamikiwa asikilizwe pia, tena kabla jina lake halijasambazwa, maana kumchafua mtu kabla ya kumsikiliza ni uonevu hata ukifanywa kwa jina la usawa. Suala la ngazi, vyoo na madarasa ya ghorofani kwa wanaotumia viti vya magurudumu sitalirefusha: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo, pelekeni barua yenye picha kwa uongozi wa chuo, mfuatilie.

Kuna jambo moja litawasumbua, nalo ni utani. Mtu akiambiwa ametukana kabila la mwenziwe, atajibu kwamba alikuwa anatania, na wengi watamuunga mkono kwa sababu utani ni mila yetu ya heshima. Sisi tuliokulia katika utani wa makabila tunajua ulivyo. Mtani wako anakutania nawe unamjibu kwa ukali uleule bila hofu, naye akifiwa wewe ndiye wa kwanza kufika msibani na kufanya kazi. Pale ambapo mmoja anasema siku zote na mwingine anasikiliza siku zote, pale ambapo anayetaniwa hawezi kujibu kwa sababu yuko peke yake chumbani na wao ni watano, au ambapo kinachochekwa ni ngozi aliyozaliwa nayo, hapo hakuna utani, na kamati yenu isiyumbishwe na kisingizio hicho.

Neno langu la mwisho linahusu hasira. Mwaka 1968, jijini Dar es Salaam, vurugu zilizuka katika Taasisi ya Msumbiji, shule ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, iliyosomesha vijana waliokimbia ukoloni wa Kireno, wengine wao wakiwa wamepitia huku kwetu Kusini. Baadhi ya wanafunzi waliwakataa walimu weupe, ingawa walimu hao walikuwa wameikimbia serikali ya Ureno na kujiunga na mapambano. Ndani ya madai yao yalikuwamo mambo mengine pia, kama vile kutotaka kupelekwa vitani badala ya kupewa nafasi za masomo ya juu, na mivutano ya makabila ndani ya chama. Yote yakachanganywa pamoja, yakavikwa joho la rangi, na shule ikafungwa. Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alishikilia kwamba adui ni mfumo wa ukoloni na kwamba rangi ya mtu haitoshi kumfanya adui, na msimamo huo ndio uliobaki hata chini ya Samora Machel, aliyekiongoza chama baada yake na aliyewafundisha wapiganaji katika kambi ya Nachingwea, hapa hapa mkoani Lindi. Vijana wale walikuwa na umri wenu na walikuwa na machungu ya kweli. Kwa hiyo kila lalamiko likifika mezani, litenganisheni: lipi ni ubaguzi, lipi ni ugomvi wa watu wawili, lipi ni shida ya malazi au ya bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, kuchelewa inayomuumiza kila mtu. Yote yana haki ya kushughulikiwa, ila kila moja kwa mlango wake.

Rasimu ya kifungu hicho ikiwa tayari, nileteeni niisome. Nitaisahihisha kama nilivyokuwa nikisahihisha insha, bila kuwahurumia. Daftari nalo liwe limefunguliwa kabla wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajaripoti, na watangazieni mahali lilipo siku ileile ya kupokewa, kwa kuwa katika wiki zao za mwanzo wao ndio wapweke kuliko wote chuoni na wengi hawajui kwamba wana pa kwenda.

Ni mimi babu yenu,
Mwalimu mstaafu, Mikindani, Mtwara