Upanga uliompa mpiganaji wako

Bukavu, Ibanda

Ndugu yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, nami nimeisoma mara mbili, kwa sababu jambo unaloliuliza limenisumbua tangu nilipoanza kuongoza mchezo huu wa kusimulia hadithi mezani, ambamo kila mchezaji ana mhusika wake na dadu huamua mapigano. Unasema kwamba mpiganaji wa meza yenu ya Lubumbashi, akiwa bado katika ngazi ya 2, aliupata ndani ya kaburi la mfalme upanga wa +3, yaani wa kichawi unaoongeza 3 kwenye dadu ya kulenga na kwenye majeraha, kwamba tangu siku hiyo wenzake watatu hukaa wakitazama simu zao, na kwamba umeazimia kuleta wezi usiku waunyang'anye. Nakuomba usifanye hivyo. Lakini kwanza tuuangalie upanga wenyewe kwa hesabu, maana ubaya wake hauko pale unapoudhania.

Goblini, yule adui mdogo wa mwanzoni, katika toleo la 2014 la Dungeons & Dragons, ambalo ndilo mnalolicheza, ana kinga 15, namba ambayo pigo lazima liifikie, na pointi 7 za uhai. Mpiganaji wako mwenye nguvu 16, zinazompa nyongeza ya 3, pamoja na 2 za ustadi wake, alihitaji hapo awali dadu ya pande 20 ionyeshe 10 au zaidi ili ampate. Sasa 7 inamtosha, yaani nafasi zake zimetoka 11 kati ya 20 zikawa 14. Tofauti hiyo ingevumilika. Tatizo liko kwenye majeraha: upanga mrefu hutumia dadu ya pande 8, unaongeza 3 za nguvu zake na 3 za uchawi, kwa hiyo hata dadu ikitoa 1 majeraha ni 7, na goblini amekwisha kufa. Ulipoliona hilo ukawaongezea goblini uhai hadi 14, na hapo mpiganaji akarudi karibu na pale alipokuwa. Je, yule dada mwenye visu? Kila kisu chake hutoa kati ya 4 na 7. Alizoea kummaliza goblini kwa mapigo mawili. Sasa kwa kawaida anahitaji matatu, pengine manne. Mzigo wa upanga umewaangukia wale wasioushika, na ndiyo maana wanatazama simu.

Kitabu cha mwongozaji kinaziweka silaha za +3 katika kundi la vitu adimu sana, vinavyofaa kuanzia ngazi ya 11. Wengine hudhani kwamba kanuni ya kutofungamana na vifaa zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja, yaani kujiunganisha na kifaa cha kichawi ili nguvu zake zikufanyie kazi, ingekuokoa, lakini upanga wa +3 wa kawaida hauhitaji kufungamana, hivyo kanuni hiyo haiugusi kabisa. Silaha za kuongeza namba zipo tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huu mwaka 1974, nami sizichukii. Ninachosema ni kwamba toleo hili limezibana namba zake makusudi, ili goblini aendelee kuwa tishio hata ngazi zikipanda, na kwa hiyo kila +1 ina uzito mkubwa.

Mimi nilikosea kwa njia nyingine. Niliwapa wachezaji wangu viatu vyenye mabawa, ambavyo humwezesha mtu kuruka kwa muda wa hadi saa nne, na kitabu kinaviweka makundi mawili chini ya upanga wako. Vilichukuliwa na mganga wao. Jumapili iliyofuata nilikuwa nimeandaa korongo refu lenye daraja lililokatika, naye akaruka, akafunga kamba upande wa pili, kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Nilihuzunika kwa ajili ya korongo langu, kumbe aliyepoteza zaidi alikuwa kijana mmoja aliyemjenga mhusika wake kwa ajili ya kupanda miamba tu. Hakulalamika, ila wiki mbili baadaye aliomba kubadilisha mhusika. Tangu siku ile, kabla ya kukiweka kifaa chochote sandukuni, najiuliza kinafanya kazi ya nani, na mwenye kazi hiyo yuko mezani au hayuko.

Sasa kuhusu wezi. Mchezaji wako hakuiba upanga. Uliuweka wewe, naye akaufikia kwa ujasiri wake. Ukiuchukua kwa hila atajifunza kuficha kila anachopata na kutomwamini yeyote unayemleta katika hadithi, na meza itageuka kuwa mashindano kati yako na wao. Zungumza naye kabla ya mchezo, wazi, kama ndugu. Mwambie kwamba uliupima vibaya, kisha umwombe akubali kwamba upanga umelala: leo uwe wa +1, nguvu nyingine ziamke atakapofika ngazi za juu, kila mara kwa tendo ambalo mtalichagua pamoja. Goblini nao uwarudishie pointi zao 7.

Wengine watatu usiwape namba ili kusawazisha, maana utajikuta unapandisha kila kitu bila mwisho. Wape vitu vinavyofungua njia. Fimbo isiyosogea, iliyomo kitabuni, hukaa hewani pale unapoibonyeza na kustahimili uzito wa pauni 8,000; haiongezi hata pigo moja, lakini wachezaji wangu walishinda jioni nzima wakibishana jinsi ya kuitumia kwenye lango la ngome. Kitu kingine ni taa niliyoitunga mwenyewe kutokana na taa za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, tunazoziona usiku ziwani Kivu: ukiiwasha, kila kiumbe kilicho karibu huvutwa kuelekea nuru yake, rafiki na adui pia. Hakuna aliyeiwasha bila kuwauliza wenzake kwanza, na hilo lilinifurahisha kuliko ushindi wowote. Ninyi huko mna misalaba ya shaba ambayo wazee wa Katanga waliitumia kama fedha. Nimefikiri msalaba mmoja ungeweza kununua jibu moja la kweli kutoka kwa yeyote, kisha ukabaki shaba ya kawaida. Mpe yule dada mwenye visu, maana umeniambia ndiye anayependa kuuliza maswali.

Tafadhali uniandikie baada ya Jumapili. Nataka sana kujua kama mpiganaji amekubali kuulaza upanga wake, na dada huyo amemuuliza nani.

Nduguyo wa Ibanda