Barua ya wazi kwa vijana wa kusini mnaouza sarafu za kale

Mikindani, Mtwara

Wanangu na wajukuu zangu mnaokusanya sarafu, wa hapa Mikindani, Mtwara Mjini, Lindi, Kilwa na huko mlikotawanyika, salaam nyingi kwenu.

Kila mwaka, kuanzia Januari hadi korosho zianze kwenda ghalani, naona jambo lilelile. Shule zimefunguliwa, ada inadaiwa. Mvua zikiisha, salfa, dawa ya mikorosho, nayo inataka kununuliwa. Mwenye kopo la rupia, zile sarafu za zamani za fedha, chini ya kitanda analitoa. Mnunuzi anayetoka Dar es Salaam anaijua kalenda hiyo vizuri. Humwoni Novemba, malipo ya mnada yanapoingia. Anakuja tukiwa tumekauka, anaketi barazani, anasema yeye hana haraka, na jua likizama ameondoka na kitu alichokitunza baba yako tangu ujana wake. Baada ya siku chache kijana ananijia hana raha. Fedha amepata, ada imelipwa, lakini moyo haujatulia na hajui amlaumu nani.

Nimewasikiliza wengi wa aina hiyo, na wengi pia waliouza wakabaki na amani yao. Siwakatazi kuuza. Sarafu ni mali, na mali ipo ili imtoe mtu kwenye shida. Ila wanaoteseka baadaye, karibu wote, ni waliouza wasichokijua na fedha yake ikaisha bila kuacha alama. Kwa hiyo naanza na kujua.

Ile pesa ya shaba yenye mizani, ambayo watoto wa pwani bado wanaiokota mchangani mvua ikipita, ni ya Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Ishikeni chini ya mwanga: upande mmoja mizani yenye visahani viwili, upande wa pili maandishi ya Kiarabu, na mwaka 1299 wa Hijria, ambao ni kama 1882. Zilitolewa nyingi, hivyo haitakujengea nyumba. Lakini fikirini ilikopita: mkononi mwa mwuza samaki, mwuza ubani, mwuza nazi, hadi ikaanguka ufukweni kwetu.

Rupia ya fedha yenye picha ya Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wa Wajerumani, mwenye kofia ya chuma iliyokaliwa na tai, ilianza kutolewa mwaka 1890 na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Wakati huo rupia moja ilikuwa sawa na pesa 64, sarafu ndogo za shaba. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilianza kutoa sarafu zake yenyewe, na rupia ikagawanywa kwa heller 100. Rupia nzima ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1000 za uzito huo, 917 ni fedha halisi. Hesabu hiyo iwekeni kichwani. Maana yake ni kwamba rupia isiyochakaa ina zaidi ya gramu kumi za fedha safi, na hata iliyochakaa hadi uso wa Kaiser haujulikani bado ina fedha nyingi ndani yake, na sonara yeyote mwaminifu atakupimia. Nimeona rupia ikitolewa kwa bei ya vocha ya simu. Hilo liliniuma kuliko mambo mengi niliyoyaona katika biashara hii.

Zipo pia zile za Tabora za mwaka 1916, za heller 20, zilizopigwa katika karakana ya reli wakati wa vita, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na hawapati sarafu kutoka kwao. Ni za shaba ya manjano na shaba nyekundu, zimepigwa ovyoovyo, na mtu asiyejua huzidharau. Karakana hiyohiyo ilitoa rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke. Ukiletewa tembo huyo kwa bei rahisi, mpeleke kwa sonara kabla hujafungua pochi, kwa sababu za bandia zipo nyingi. Na habari za rupia zenye nguvu za kuvuta utajiri ni za matapeli. Nazipita.

Jambo moja zaidi la mikono. Msizisugue. Kijana mmoja wa Lindi alikuwa na rupia nzuri sana, nyeusi kwa umri wake, nywele za masharubu ya Kaiser zikionekana moja moja. Usiku wa kuamkia siku ya mnunuzi akaisugua kwa majivu na ndimu hadi ikang'aa kama kijiko kipya. Mnunuzi akaitazama, akaiweka kwenye mizani, akalipa uzito wa fedha tu. Masharubu yalikuwa yameondoka na majivu.

Sarafu za masultani wa Kilwa nazitenga na hizi zote. Zile ndogo za shaba zisizo na mwaka, zenye jina la sultani upande mmoja na sifa ya Mwenyezi Mungu upande wa pili, pande zote mbili zikiwa na kina kimoja kama ubeti wa shairi. Nyingine ni za al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alimkuta Kilwa mwaka 1331. Tano kati ya sarafu za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo watu wanajadili zilifikaje. Sarafu hizi za Kilwa si za kuuza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba magofu ya Kilwa Kisiwani au Songo Mnara ni kuwaibia wajukuu zenu. Ukiiokota, ipeleke kwa watu wa Mambo ya Kale. Hapo sina mjadala.

Sasa nije kwenye bei, maana simu zenu zimewajaza matumaini. Mmeona habari ya kadi ya besiboli huko Marekani, yenye picha ya mchezaji Mickey Mantle, iliyochapwa mwaka 1952 na kuuzwa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Ni kweli. Bwana aliyeiuza aliinunua mwaka 1991 kwa dola 50,000. Lakini someni habari yote. Kadi za mwaka ule zilibaki ghalani bila wanunuzi, na mfanyakazi wa kampuni amesimulia jinsi masanduku yake yalivyotupwa baharini mwaka 1960. Zilizosalia ni chache, na ile moja ilikuwa safi kuliko karibu zote. Tena yule bwana alikaa nayo zaidi ya miaka thelathini, na siku ya kuuza alichagua yeye. Heller ya shaba ya babu yako ilipigwa kwa mamilioni. Uzee peke yake hauleti bei, na anayeuza akiwa na ndoto ya milioni hatatosheka na chochote atakachopewa.

Kuna uchungu mwingine ambao ni mzito kuliko wa bei. Marehemu baba ameacha kopo. Limekaa kwa kaka mkubwa. Kaka ana shida, anauza, halafu dada wa Newala anasikia msibani. Wanangu, mali ya marehemu ambayo haijagawanywa ni ya warithi wote, pamoja na mama, pamoja na dada aliyeolewa mbali. Nimeona ndugu wakiacha kuzikana kwa ajili ya kopo ambalo thamani yake haikufika mbuzi wawili. Dada hakuidai fedha. Alichotaka ni kuulizwa, na achague moja ya kumkumbukia baba. Kaka yule analijua kosa lake, na sijamwona akicheka vizuri tangu siku hiyo. Kabla ya kumwita mnunuzi, wapigieni simu ndugu. Wakikubali, kila mmoja achukue moja, zinazobaki ziuzwe mchana, mbele ya watu.

Mimi mwenyewe niliuza rupia zangu nyingi binti yangu alipokwenda chuo cha ualimu. Kwa muda mrefu, jioni, mkono wangu ulikuwa ukienda kwenye rafu lilipokuwa kopo. Sikujuta, lakini nilizikosa, na hayo ni mambo mawili tofauti, msiyachanganye. Kuzikosa ni haki ya kitu ulichokipenda. Leo binti anafundisha darasa la tatu, na nikimwona na chaki mkononi najua kila rupia ilikokwenda. Mvuvi mmoja jirani yangu aliuza zake akanunua mashine ya boti. Kila akiivuta kamba ikawaka humwambia mwanawe, "Hii ni rupia ya babu yako inanguruma." Huyo hana majonzi. Ila yuko mwingine aliyeuza mara mbili ya huyo, kidogo kikaenda deni la duka, kidogo harusi ya rafiki, kidogo hakijulikani. Ukimtajia sarafu anabadilisha mazungumzo.

Basi ukilazimika, anza na zile ulizonazo mbilimbili. Bakiza moja, ile yenye hadithi, hata kama si ya bei. Taja fedha itafanya nini kabla haijafika mkononi, na mwenzi wako aisikie. Piga picha pande zote mbili. Andika ilitoka wapi, nani alikupa, alisema nini. Na nakala ya maandishi hayo umpe mnunuzi, kwa sababu sarafu yenye historia yake hupata bei nzuri zaidi, na huko iendako jina la baba yako litakwenda nayo. Akishanunua na ukasikia ameuza kwa faida kubwa, mwache. Mliafikiana ukiwa unajua.

Na ukiweza kusubiri hadi mnada wa kwanza wa korosho, subiri.

Ninacho kioo cha kukuzia na mizani ndogo ya sonara. Baada ya swala ya alasiri huwa niko barazani kwangu, na sitozi chochote. Njooni na kopo, daftari na kalamu, na aje pia yule ndugu mnayeona uzito kumwambia.

Mzee wenu wa Mikindani