Scotland ina klabu 42, si mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nijibu makala yaliyochapishwa hivi karibuni katika kurasa zenu za michezo, ambamo mwandishi alidai kwamba kushabikia klabu ndogo ya Scotland ni kujitafutia huzuni bila sababu, kwa kuwa ubingwa wa nchi hiyo unajulikana uendako hata kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Ninaishi Arbroath, mji wa bandari ulio pwani ya mashariki ya Scotland katika eneo la Angus, na ni shabiki wa klabu ya mji huu. Huzuni anayoizungumzia naijua vizuri. Nisichokubaliana nacho ni kipimo alichokitumia.

Kuhusu ubingwa, mwandishi hakukosea. Tangu Aberdeen ya Alex Ferguson ilipotwaa taji mwaka 1985, mataji 40 yaliyofuata, hadi kufikia 2025, yalikwenda Celtic au Rangers, klabu mbili kubwa za Glasgow. Lakini ligi ya Scotland ina klabu 42: 12 ziko Ligi Kuu, na madaraja matatu yaliyo chini yake yana klabu 10 kila moja. Shabiki wa Arbroath, Forfar au Stranraer haamki Jumamosi asubuhi akiwaza ubingwa wa nchi. Anawaza kupanda daraja, au kunusurika kushuka, au kuipata nafasi ya nne inayoipeleka timu kwenye mchujo wa kupanda daraja, au kupangiwa klabu kubwa katika Kombe la Scotland, ambalo mapato ya mlangoni hugawanywa kati ya timu mbili zinazokutana, kiasi kwamba mechi moja ya Glasgow inaweza kulipa mishahara ya miezi kadhaa. Mambo hayo ndiyo yanayotuweka roho juu, na hakuna hata moja kati yake ambalo mshindi wake hujulikana mapema.

Nitoe mfano wa klabu yangu. Msimu wa 2021/22 Arbroath ilikuwa daraja la pili ikiwa na wachezaji wa muda, watu wenye kazi zao za mchana ambao hukutana mazoezini jioni baada ya kutoka kazini, na kocha wao alikuwa Dick Campbell, mzee wa kofia ambaye Scotland nzima inamfahamu. Karibu klabu zote walizokutana nazo zililipa wachezaji mishahara kamili. Hata hivyo, Arbroath iliongoza ligi kwa sehemu kubwa ya msimu, na watu wa mji huu ambao hawakuwahi kukanyaga uwanjani wakaanza kuulizana kwenye foleni za duka kama kweli tutacheza Ligi Kuu. Tarehe 22 Aprili 2022 tulikwenda Kilmarnock tukihitaji ushindi. Tukatangulia kufunga. Zilipobaki dakika chache Kilmarnock wakasawazisha, na dakika za mwisho kabisa wakaongeza la pili. Uwanja mzima wa wenyeji ukamwagikia uwanjani kusherehekea ubingwa wa daraja, nasi tukabaki tumesimama kwenye kona yetu. Msimu ulipoisha tulikuwa pointi mbili nyuma yao.

Bado kulikuwa na mchujo. Katika nusu fainali tulitoka sare tasa na Inverness Caledonian Thistle katika mechi zote mbili, na ile ya pili wapinzani wetu waliimaliza wakiwa tisa baada ya kupata kadi mbili nyekundu. Tukashindwa kuwafunga watu tisa, kisha tukatolewa kwa mikwaju ya penalti. Sijui namna ya kumweleza maumivu hayo mtu ambaye timu yake hucheza fainali kila mwaka. Nafasi kama ile, kwa klabu ya ukubwa wetu, inaweza isirudi tena katika maisha ya mtu aliyekuwapo, na kila aliyekuwa uwanjani usiku ule alilijua hilo alipokuwa akitoka getini.

Yaliyofuata yalikuwa kama mtu anavyoweza kutarajia. Wachezaji wengine waliondoka, umri ukawafikia wengine, na mwaka 2024 tukashuka daraja tukiwa wa mwisho. Halafu msimu uliofuata wachezaji wetu wawili, David Gold na Colin Hamilton, wakakabidhiwa timu wakiwa bado wanavaa jezi, na Arbroath ikatwaa ubingwa wa daraja la tatu na kurudi ilikotoka. Furaha ya siku ile haikuwa ya kombe ambalo dunia nzima inalitazama, lakini watu wazima walilia hadharani, na sababu ni kwamba wengi wao walikuwapo Kilmarnock. Mwandishi wenu ameitazama huzuni yetu peke yake, akaisahau furaha ambayo isingekuwa na uzito huo bila huzuni ile.

Naomba pia aelewe siku ya mechi ilivyo. Uwanja wetu, Gayfield, umepakana na Bahari ya Kaskazini, na kati ya majukwaa na maji kuna ukuta tu. Upepo ukivuma kutoka baharini wakati maji yamejaa, mawimbi hupiga ukuta na chumvi ikawarukia waliosimama upande ule, na kipa anayepiga mpira wa goli dhidi ya upepo huweza kuuona ukipanda, ukisimama hewani, kisha ukirudi kuelekea eneo lake mwenyewe. Kwa kuwa sehemu kubwa ya uwanja ni ya kusimama, wakati wa mapumziko tunahama: tunazunguka uwanja kwenda nyuma ya goli ambalo timu yetu italishambulia kipindi cha pili, tukipishana njiani na mashabiki wa wageni wanaofanya vilevile, kila mmoja akiwa na pai ya nyama mkono mmoja na kikombe cha Bovril, kinywaji cha moto chenye ladha ya nyama ya ng'ombe, mkono mwingine. Watu wanasalimiana, wanaulizana habari za majeruhi, wanaendelea na safari. Katika viwanja vikubwa jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa pande mbili hutenganishwa na polisi na nyuzio tangu zinapofika hadi zinapoondoka.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Mahali penye watu elfu moja, sauti ya mtu mmoja inamfikia mchezaji. Nimemwona beki akigeuka kumtazama mzee aliyemkemea kwa pasi mbovu, na nimemwona mzee yuleyule, dakika ishirini baadaye, akimpigia makofi peke yake kabla ya wengine kuungana naye. Mchezaji aliyekosa penalti Jumamosi atakwenda kazini Jumatatu kama sisi, na huenda ukamkuta anajaza mafuta gari lake kituo kilekile unachokwenda wewe. Jambo hilo humfanya mtu apime maneno yake, ingawa si kila mtu na si kila wiki.

Sitaki kupamba hali ya mambo. Jirani zetu wa Brechin City walipanda daraja la pili mwaka 2017 kupitia mchujo, na msimu wa 2017/18 wakacheza mechi 36 bila kushinda hata moja: sare nne, vipigo 32, pointi nne. Walishuka, wakashuka tena mwaka uliofuata, na mwaka 2021 wakapoteza mchujo dhidi ya Kelty Hearts, wakatoka kabisa katika ligi ya taifa na kuangukia Highland League, ligi ya kanda iliyo chini ya madaraja manne. Hayo yote yalitokea ndani ya miaka minne. Tangu mlango huo wa chini, yaani mchujo unaoweza kuitoa timu ya mwisho katika ligi ya taifa, ulipofunguliwa katika msimu wa 2014/15, umewapitisha pia East Stirlingshire, Berwick Rangers, Cowdenbeath na Albion Rovers, klabu zenye historia ndefu. Berwick ndiyo iliyoitoa Rangers katika Kombe la Scotland mwezi Januari 1967 kwa bao moja kwa bila, na historia hiyo haikuikinga na lolote ilipofika 2019. Hata hivyo, naunga mkono kuwapo kwa mlango huo, kwa sababu zamani klabu za chini ziliweza kushika mkia miaka nenda miaka rudi bila kuadhibiwa, huku klabu zilizoandaliwa vizuri zikizuiwa nje.

Na kuna huzuni isiyotokana na kushindwa. Mwaka 2021 St Johnstone ya Perth ilitwaa Kombe la Ligi na Kombe la Scotland katika msimu mmoja, ikishinda fainali zote mbili kwa bao 1-0, na katika fainali zote mbili mfungaji alikuwa Shaun Rooney, mlinzi. Ilikuwa wakati wa janga la korona, na mashabiki hawakuruhusiwa uwanjani. Watu waliokuwa wameifuata klabu hiyo maisha yao yote waliuona msimu bora kabisa katika historia yake kupitia televisheni, wakiwa sebuleni. Miaka minne baadaye timu ilishuka daraja, na safari hiyo mashabiki walikuwapo.

Lakini tishio ninaloliogopa kuliko mengine yote si kushuka daraja, bali klabu kutoweka, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wenu wanisikilize zaidi. Gretna ni mji mdogo ulio mpakani na England. Klabu yake iliingia katika ligi ya Scotland mwaka 2002, na kwa fedha za tajiri mmoja, Brooks Mileson, ikapanda daraja mara tatu mfululizo na kufika fainali ya Kombe la Scotland mwaka 2006, ambapo Hearts waliishinda kwa penalti tu. Mwaka 2007 ikaingia Ligi Kuu, ikalazimika kuchezea mechi zake za nyumbani Motherwell kwa sababu uwanja wake haukukidhi masharti. Mfadhili akaugua, fedha zikakatika, na mwezi Machi 2008 klabu ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Kabla mwaka huo haujaisha, haikuwapo tena. Mashabiki walilazimika kuanzisha klabu mpya na kuanza chini kabisa. Mileson aliipenda klabu ile, wala simlaumu kwa kuugua. Kosa lilikuwa kujenga nyumba nzima juu ya nguzo moja. Inverness wenyewe, waliotutoa kwa penalti, waliotwaa Kombe la Scotland mwaka 2015, walijikuta mikononi mwa msimamizi wa ufilisi mwezi Oktoba 2024 na kukatwa pointi 15. Niliposikia habari ile sikufurahi hata kidogo, na sikukutana na mtu yeyote hapa Arbroath aliyefurahi.

Kwa sababu hiyo naamini kwamba klabu ndogo ni salama zaidi mikononi mwa mashabiki wake, japo njia hiyo ni ya polepole na haina ahadi ya makombe. Mashabiki wa Stirling Albion waliinunua klabu yao mwaka 2010. Tangu hapo imepanda na kushuka, ikatwaa ubingwa wa daraja la nne mwaka 2023 na kushuka tena mwaka uliofuata, lakini ipo, na milango yake inafunguliwa kila msimu. Huko Motherwell, chama cha mashabiki ndicho chenye hisa nyingi, na mwaka 2024 wanachama walipiga kura kukataa pendekezo la mwekezaji kutoka Marekani, kwa kuwa waliona lingewapunguzia mamlaka juu ya klabu yao. Kura kama hiyo si rahisi kwa mtu anayetamani kuona mshambuliaji mzuri akisajiliwa Januari. Walioipiga walielewa kwamba mshambuliaji huondoka, na klabu hubaki na mkataba iliousaini.

Mwandishi wenu aliuliza mashabiki wa namna yetu wanapata nini kwa fedha zao. Wanachopata kwanza ni klabu yenyewe, kwa maana kwamba bila tiketi zao za msimu, bila bahati nasibu ya mapumziko ambayo sehemu ya fedha yake humwendea mshindi na nyingine klabu, na bila wale wanaojitolea kupaka rangi vizuizi na kuondoa theluji kabla mwamuzi hajaja kuukagua uwanja, mechi isingechezwa. Halafu, mara chache sana, wanapata siku kama ya tarehe 9 Februari 2025, wakati Queen's Park, klabu kongwe kuliko zote Scotland, iliyoanzishwa mwaka 1867 na iliyocheza soka ya ridhaa hadi ilipoamua kubadilika mwaka 2019, ilipokwenda Ibrox, uwanja wa Rangers, na kuwatoa wenyeji kwenye Kombe la Scotland kwa bao 1-0, kipa wake akiipangua penalti katika dakika za mwisho.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kila Jumapili gazeti lenu huchapisha matokeo ya Celtic na Rangers peke yake. Mechi nyingi za madaraja ya chini huanza saa tisa alasiri kwa saa za huku, ambayo wakati wa majira ya baridi ni saa kumi na mbili jioni Afrika Mashariki, kwa hiyo matokeo yake huwa yamekamilika kabla ya saa tatu usiku, na madaraja yote manne yanaenea katika safu moja nyembamba. Yachapisheni yote. Na ikiwa mwandishi wenu atarudi kwenye suala hili, namwomba awasiliane kwanza na wanachama wa klabu kama Stirling Albion, awaulize bili ya taa za uwanja hulipwaje mwezi Januari mechi mbili za nyumbani zikiahirishwa kwa barafu, na kwa nini bado wanailipa.

Wenu,
Shabiki wa Arbroath,
Angus, Scotland