Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Majitaka: fungua chemba saa tisa usiku

Ndugu Mkurugenzi,

Nimesikia tangazo lako kwamba mtambo wa kutibu majitaka umezidiwa, hivyo utapanuliwa. Sibishi kwamba umezidiwa. Ninachouliza ni umezidiwa na nini. Miaka yangu ya kazi niliimalizia ndani ya chemba, tochi mkononi na fimbo ya kuzibulia begani, na kitu kilichonishangaza tangu mwanzo ni wingi wa maji yanayopita humo siku ya mvua bila kuwahi kupita chooni kwa mtu yeyote.

Kabla hujasaini mkataba wa upanuzi, nakuomba usiku mmoja tu. Uwe usiku mkavu, mvua imekatika siku kadhaa lakini maji ya ardhini bado yako juu. Nenda kwenye mtaa wowote wa zamani, ufungue chemba ya mwisho saa tisa usiku. Saa hiyo watu wamelala, haogi mtu wala hafui mtu. Bombani panatakiwa pawe na mchirizi. Ukikuta maji yanakimbia, tena meupe kiasi cha kuona kitako cha bomba, hayo ni maji ya ardhini. Yameingia bila kualikwa, na wewe unayalipia umeme wa kuyasukuma na gharama ya kuyatibu kana kwamba ni uchafu.

Mabomba mengi ya zamani ni ya udongo wa kuchoma, vipande vifupi vilivyoungwa kwa saruji. Saruji haipindi. Ardhi ikititia kidogo, kiungo kinapasuka. Halafu unakuja mti, unafuata unyevu, unapenyeza mzizi mwembamba kama uzi. Ukishaingia unanenepa, na ufa unapanuka nao. Chemba za matofali nazo plasta imebanduka, na pale bomba linapoingia ukutani mwa chemba ndipo nilipoziba mara nyingi kuliko popote. Ubaya wake ni kwamba maji hayaji peke yake, yanakuja na mchanga, na mchanga huo ndio uliokuwa umelibeba bomba na barabara iliyo juu yake. Siku lami inapotumbukia, watu husema ni mvua, kumbe shimo limechimbwa miaka mingi kutokea chini. Maji ya ardhini yakishuka, ufa uleule unafanya kazi kinyume: majitaka yanatoka, yanaelekea visimani.

Hayo ni ya polepole. Ya ghafla yanatoka juu, kwenye mapaa yetu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hesabu ya mtoto wa shule. Paa la mita za mraba 100, mvua ikinyesha milimita 50, linamwaga lita 5,000. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, inatoa lita 500. Basi gata moja iliyounganishwa kwenye bomba la majitaka inaleta kwa mvua moja kiasi ambacho nyumba ile ingechukua siku kumi kukitoa. Zidisha kwa nyumba 200, ni lita milioni 1, na zinafika ndani ya saa chache. Bado hujahesabu mashimo ya kutolea maji ya mvua uani, na mifuniko ya chemba iliyokaa chini ya usawa wa barabara ikinywa kila dimbwi.

Wapo wanaosema maji ya mvua yanasaidia kusafisha bomba. Nimeisikia hadi ofisini. Waulize waendesha mtambo. Kazi ya kula uchafu inafanywa na bakteria wanaofugwa kwenye tangi. Mkondo mkubwa ukija ghafla unawasomba na kuwatoa nje pamoja na tope lao, na mtambo unabaki dhaifu hata baada ya jua kurudi. Na maji yasipofika mtamboni yanatokea kwa watu wa bondeni, kupitia tundu la bafuni. Mimi ni mmoja wao. Tuliambiwa kisa ni matambara tunayotupa chooni. Ajabu ni kwamba matambara hayo hukumbuka kuziba siku za mvua tu.

Hatuko peke yetu. Mwaka 2004 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira lilikadiria kwamba mabomba yao ya majitaka, yale yaliyotengwa na maji ya mvua, hufurika kati ya mara 23,000 na 75,000 kwa mwaka, na maji haya ninayoyasema ni mojawapo ya sababu kubwa.

Kuyatafuta si uchawi. Pima mtiririko wa usiku mtaa kwa mtaa, utajua wapi pa kuanzia. Kisha puliza moshi usio na sumu ndani ya chemba na usimame barabarani uangalie: utatokea kwenye gata ya huyu, kwenye nyasi za yule. (Tangaza mapema, la sivyo utaitiwa zimamoto.) Kamera ipite mwishoni, kwenye mabomba yaliyokwisha kushukiwa.

Kuhusu kuziba, usiogope kuchimba barabara nzima. Tangu 1971, mhandisi Eric Wood alipolijaribu jambo hili London, bomba bovu linaweza kuvalishwa jipya kwa ndani: mfuko mrefu kama soksi, uliolowekwa gundi iitwayo resini, unaingizwa kupitia chemba, unapashwa moto, unakuwa mgumu. Ila hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Ukivalisha bomba kuu peke yake, maji ya ardhini yaliyokuwa yakiingia humo yanapanda, yanatafuta tundu la jirani, yaani chemba na yale mabomba madogo yanayotoka majumbani. Mwaka unaofuata unapima na kukuta pungufu kidogo tu. Chukua eneo dogo ulimalize lote, bomba kuu, chemba na mabomba ya nyumba, kisha upime tena.

Mabomba ya nyumba ndiyo yatakayokutoa jasho, kwa sababu yana wenyewe, na hakuna kiongozi anayependa kugonga mlango wa mpiga kura kumwambia ang'oe gata yake. Portland, Marekani, ambako mabomba ya zamani yalijengwa kubeba mvua na majitaka pamoja, waligonga milango hiyo tangu miaka ya 1990 na kutenganisha gata zaidi ya 50,000. Wewe anza na paa la ofisi yako. Nalifahamu linakomwaga.

Huenda mtambo utahitaji kupanuliwa hata hivyo, kwa kuwa watu wameongezeka. Lakini toa kwanza takwimu za saa tisa usiku, uzibandike tuzione, ndipo ukubwa wa mtambo upangwe.

Chemba ya kuanzia ni ile ya mwisho kule bondeni, kwetu. Mfuniko wake ni mzito, uje na mtu wa pili. Tochi ninayo.

Wako,
Fundi mstaafu wa majitaka